Paja la Kuku Mbele ya Mama Mukwe

Baba yangu alikuwa mutu wa kuruka. Sisemi kucheza ngoma, huko alikuwa muzito kama kinu. Nasema kuruka mu pori. Siku moja, miye bado mudogo, tulikuwa tunatoka kukamua mawese, yeye mbele na chungu begani, miye nyuma na kibuyu cha maji. Njia ilikuwa nyembamba, majani yamefika kifuani. Mara tukasikia kikohozi. Baba alikijua kile kikohozi kuliko sauti ya muke wake. Ilikuwa nyanya, mama ya mama yangu, anarudi toka shamba na mihogo kichwani. Baba aliruka na chungu chake, pu!, ndani ya majani, akachuchumaa na kutugeuzia mugongo.

Nyanya alipofika pale akavuta kitambaa akafunika uso upande wa baba, akanisalimia sawa vile tuko wawili tu mu dunia.

"Mujukuu, baba yako iko wapi?"

"Iko mu pori."

"Anafanya nini mu pori?"

"Anakuheshimu."

Nyanya akacheka mpaka mihogo miwili ikaanguka. Nikaiokota, akapita. Baba hakutoka upesi, na alipotoka alitoka anacheza, hapo sasa ngoma aliijua, juu ya sababu alikuwa amekaa kwenye upupu. Siku mbili alijikuna kwenye muhimili wa nyumba kama mbuzi. Mawese yote yalimwagika. Mama alilia mawese, baba alijivuna. Alisema mukwe wa kweli anajulikana kwa makalio yake.

Ilikuwa hivyo kwetu. Mama mukwe humuangalii mu macho. Huli mbele yake, hupanui kinywa mbele yake, hata miayo unaimeza. Mukikutana njiani unamuachia njia na unamuonyesha mugongo. Wakristo walifanya hivyo, waislamu walifanya hivyo, Wazimba na Wabangubangu wote. Padri alituambia ni ujinga wa zamani, mama mukwe iko mama tu, umupe mukono. Tulimusikiliza vizuri sana siku ya Mungu. Siku ya kwanza ya kazi tukarudi kuruka mu pori.

Sasa kwa nini nimeanza na makalio ya baba? Nilikaa hapa na kalamu niandike mambo ya sinema, na baba akaruka ndani. Miye nilisoma miaka miwili tu, mwalimu mwenyewe aliniambia karatasi inanivumilia. Basi aruke, ajikune, twende.

Wakati wa Wabeleji, pale Kasongo, kulikuwa padri mumoja murefu aliyetembea na mashine ya picha kifuani sawa mutu amebeba mutoto mugonjwa. Huyo alitengeneza filme. Hazikuwa filme za kupendana na kupigana. Zilikuwa za kutufundisha: limeni pamba, chimbeni choo, endeni kudungwa sindano, muache pombe ya malafu siku za kazi. Kila filme ilikuwa na watu wawili, mwema na mubaya. Mwema alikuwa mwalimu wa darasa la pili, kaputula nyeupe, nywele zimepasuliwa katikati sawa barabara ya Wabeleji. Sisi tulimuita Kichwa, juu alikuwa kichwa cha kila filme. Mubaya nilikuwa miye.

Nilichaguliwa namna gani? Kwa miayo. Nilikuwa mufyatua matofali wa misioni, na siku ile padri alihubiri mahubiri marefu, miye nikapiga mwayo mumoja ambao wenzangu wanasema uliingiza upepo. Padri akanyamaza katikati ya neno. Kisha misa ikaisha, akaniita nyuma ya sakristia. Nilijua ni fimbo. Yeye akanizunguka kama mutu anayenunua ng'ombe, akasema, "Fungua tena." Nikafungua. Akasema, "Hicho kinywa nimekitafuta tangu nifike Kongo."

Toka siku hiyo nikaacha matofali. Nilikuwa mwizi. Nilikuwa mulevi. Nilikuwa mulimaji muvivu ambaye pamba yake inaliwa na wadudu, na hapo, Mungu anisamehe, sikuhitaji kufundishwa. Nilikuwa mutu wa vidonda anayekimbia sindano, na muganga wa kweli akanishika akanidunga kweli, juu padri alisema mashine haipendi uongo. Mara moja nilikuwa mufu. Nililala juu ya kitanda cha miti, Kichwa analia pembeni, nzi akaingia mu pua yangu, nikapiga chafya. Padri akasema haizuru, tutasema umefufuka. Kisha akafikiri kidogo, akasema hapana, hiyo ni ya mutu mwingine. Nikakufa upya.

Miaka yote ile sikuwa wa kwanza hata siku moja. Kichwa alianza filme na alimaliza filme, miye niliingia kuharibu vitu na kutolewa. Lakini sitadanganya: nilipenda. Nikipita soko ya Kasongo, mama wanaouza sombe, majani ya muhogo, walikumbatia kuku zao.

"Ficheni vyenu! Mwizi huyo anakuja!"

"Leo nimeshiba, mama."

"Tangu lini tumbo hilo lilishiba? Kamata ndizi, utuache salama!"

Na ndizi nilipewa, na nilikula nikienda. Kichwa akipita walisema tu, "Jambo, mwalimu," na kuinamisha kichwa, hakuna aliyemupa hata karanga moja. Aliniuliza siku moja, na uso wa huzuni kabisa, "Weye unafanya nini wanakupenda hivyo?" Nikamuambia jaribu kuiba. Hakucheka. Alikuwa mutu mwema mpaka ndani ya mifupa.

Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuoa. Muke wangu alikuwa binti wa kijiji cha Lusangi, mwenye mukono wa haraka na ulimi wa haraka zaidi, na alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Nyumba yetu ilikuwa ndogo, nyuma ya karakana ya misioni, na jioni akinicheka nilijiona sultani. Nawaambia hii ili mujue kitu ambacho kuku alitaka kuniharibia.

Kuku yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa filme ya mwizi. Kichwa amefuga kuku, miye nimeiba moja, nimejificha nyuma ya nyumba ninaila. Padri akaleta mashine yake karibu na uso wangu kuliko kinyozi.

"Angalia hapa, mu jicho la mashine. Tafuna. Fungua kinywa. Tuone nyama!"

"Padri, nyama yote?"

"Yote! Weye ni mwizi, huna haya."

Nilikula kuku tatu siku ile. Ya kwanza niliila kwa furaha, ya pili kwa utii, ya tatu kwa machozi. Padri akachagua ya tatu, akasema machozi ni toba inayoanza. Ilikuwa pilipili na kushiba.

Filme ikaenda Ulaya kuoshwa, ikarudi, ikapakiwa mu kamio, lori la misioni, pamoja na moteri ya umeme na shuka kubwa jeupe. Kamio ilizunguka vijiji. Jua likilala walitundika shuka katikati ya miti miwili, na katekista alisimama pembeni na mikrofoni kutueleza, juu picha zenyewe hazikuwa na sauti. Walifika Lusangi. Miye nilibaki Kasongo. Mambo ya Lusangi nilielezwa na shemeji, kaka mukubwa ya muke wangu, mutu anayependa kueleza mabaya ya wengine na asisahau hata moja.

Mama mukwe walimukalisha mbele kabisa, juu ya kiti cha sultani. Heshima! Mama ya muke ya mutu wa sinema! Alivaa kitenge kipya. Filme ikaanza, Kichwa akalisha kuku zake, watu wakapiga miayo. Kisha uso wangu ukatokea kwenye shuka, mukubwa kama nyumba na paa lake, meno kama milango, paja la kuku kati ya meno, macho yamekazwa mbele. Macho yamekazwa kwake.

Sasa picha ya namna hiyo mujue tabia yake: ukikaa kushoto inakuangalia kushoto, ukihamia kuume inakufuata. Mama mukwe alivuta kiti upande huu. Nikamuangalia. Akavuta upande ule. Nikamuangalia, ninatafuna. Watu wa nyuma wakaanza kupiga kelele, "Anamufuata! Mukwe anamufuata!" Na katekista, mujinga yule, akasema mu mikrofoni, "Muone anavyokula bila haya mbele ya wakubwa!" Mama mukwe akafunika uso, akasimama, akajikwaa juu ya kamba za umeme, akaenda nyumbani peke yake mu giza.

Kesho yake muchana shemeji alifika kwetu na kinga, baiskeli yake. Hakushuka vizuri, aliweka muguu mumoja chini.

"Nimefuata dada yangu."

"Kufanya nini?"

"Mama amesema hawezi kuacha mutoto wake kwa mutu aliyemulia kuku usoni."

"Shemeji, miye sikuwa kule! Nilikuwa hapa, uliza jirani!"

"Uliza weye Lusangi nzima. Wote wamekuona."

Nikamugeukia muke wangu anitetee. Alikuwa anafunga nguo zake mu kitambaa.

"Miye nilikuambia zamani ufunge kinywa hicho," akasema. Lakini alikuwa analia. Akapanda nyuma ya kinga na tumbo lake la miezi saba, na miye nikabaki nimesimama na kinywa changu.

Wazee wa Lusangi wakakata shauri mu baraza. Nilikwenda na shati safi nikijua nitashinda, juu nilikuwa na haki. Nikasema ile ni picha, haiko miye. Muzee wa kwanza, ambaye ndiye aliyeshika shauri, akauliza:

"Kinywa kile ni cha nani?"

"Changu, baba."

"Kuku nani alikula?"

"Miye."

"Basi picha ilikula nini?"

Muzee wa pili alikuwa muislamu wa zamani, mwenye kofia yake safi. Yeye alitaka kujua kuku ilichinjwa na nani. Wakamuambia hiyo si shauri la leo. Akasema kwake ni shauri la kila siku. Wakabishana hapo mpaka jua likahama, na miye nikatumaini wamenisahau. Hawakunisahau. Muzee wa kwanza akasema:

"Tuache kuku. Mutu akikutana na mama mukwe wake anaingia mu pori. Weye ulimuona mbele yako, kwa nini hukutoka?"

"Baba, kwenye shuka hakuna pori."

Niliona neno limewaingia. Muzee akapiga fimbo yake chini pole pole, akasema, "Kama hakuna pori, mutu mwenye akili haendi mahali hapo." Akasema nilete mbuzi mumoja wa kuosha macho ya mama mukwe, na siku ya soko inayokuja nije kumuchukua muke wangu.

Nikaleta mbuzi. Ilikuwa na pembe moja na tabia mbaya, ilinivuta miye kuliko nilivyoivuta, lakini ilikuwa mbuzi. Waliila. Nikahesabu siku. Nilifagia nyumba, jambo ambalo sijalifanya mbele wala nyuma.

Na mu siku hizo hizo, mama mukwe akaenda kijiji cha Wamaza kumusalimia dada yake. Na kamio nayo ikaenda Wamaza.

Munafikiri alikaa mbali? Alikaa mbali. Alikaa nyuma kabisa, upande wa shuka ambako hakuna watu, juu alijua kinywa kile kinakuja. Lakini shuka ni nguo tu. Picha inapita. Nilitokea na nyuma vile vile, na kuku ile ile, na macho yale yale. Na hiyo haikuwa mwisho. Vijana wa Wamaza walipenda sana mwizi, wakapiga kelele warudilie. Mutu wa moteri naye alikuwa na muchezo wake: alikuwa anajua kuzungusha filme kinyume. Akaizungusha kinyume. Nyama ikaanza kutoka kinywani mwangu. Vipande kwa vipande, polepole, vikijishika kwenye mufupa, mpaka paja likawa zima, nono, na miye nikaliweka juu ya sahani na kumuangalia mama mukwe kama mutu anayesema: karibu, ni yako.

Wamaza yote ilicheka siku tatu. Hata leo wako wazee kule ukiwaambia Ufufuko wanafikiria ile kuku.

Shemeji akaja tena. Mara hii alishuka, akaegemesha kinga kwenye ukuta, akakaa. Nikajua ni mbaya.

"Mumekula mbuzi yangu bure," nikamuambia.

"Mbuzi ilikuwa ya kosa la kula. La kutapika haikulipiwa."

"Nilete ingine?"

"Mama hataki mbuzi. Amesema mutu anayelipa halafu anarudilia, na kuku ile ile, huyo hana dawa. Amesema uso wako unaweza kumufungukia mahali popote sasa, kwenye nguo yoyote nyeupe. Jana aliogopa kuanika shuka la kitanda." Akakuna goti. "Amesema hivi: siku nitakapoona mugongo wake, nitamupa muke wake."

"Na yeye? Dada yako anasema nini?"

"Anasema mutoto atazaliwa mwezi ujao, na kwamba weye ni mupumbavu. Anauliza kama unakula."

Nikaenda kwa padri. Nikamueleza yote, polepole, toka kinywa mpaka Wamaza. Nikamuomba akate ile kuku mu filme. Padri alicheka mpaka akatoa miwani, na nilimungojea amalize. Kisha akawa muzuri, kweli, sitamusema vibaya. Alinishika bega.

"Nimeelewa. Mama yule amekasirika kwa sababu umekuwa mwizi. Tutatengeneza filme mupya. Mara hii weye utakuwa mulevi anayetubu. Unafukuzwa mu kijiji, unaenda na furushi lako, unafika mbali, unalia, unageuka. Unarudi unacheka! Unakaa mezani na muke wako na mama mukwe wako, munakula pamoja. Uso wako mukubwa, musafi, unamuangalia vizuri. Atafurahi!"

"Tutakula nini, padri?"

"Kuku, bila shaka."

Nikafungua kinywa nimueleze, nikakifunga. Mutu aliyekaa kwetu miaka mingi kuliko umri wa muke wangu, anayejua Kiswahili mpaka matusi, na haoni kitu! Kwake uso mubaya uliharibu, uso muzuri utatengeneza. Akaongeza, "Na mara hii weye ndiye wa kwanza. Kichwa atakuwa jirani tu."

Hapo nitasema ukweli, juu wengine wa hadithi hii wamekwisha kufa na hawatanicheka. Nilifurahi. Siku nne nilitembea na furaha hiyo sawa mutu mwenye jiwe mu kiatu asiyetaka kulitoa. Wa kwanza! Na nililala mu nyumba iliyofagiliwa, na hakuna mutu wa kuniambia funga kinywa.

Siku ya kazi walituweka kwenye barabara ya Lusangi, padri alipenda namna ilivyonyooka. Kulikuwa nyumba ya mulevi, meza mbele yake na kitambaa cha misioni, na kuku imekwisha kukaangwa, inangoja chini ya sahani. Muke wangu wa sinema alikuwa muke ya seremala, na seremala mwenyewe alisimama karibu na mashine na shoka lake dogo akiangalia mikono yangu. Mama mukwe wa sinema alikuwa mupishi wa masista, mutu mumume, amefungwa kitambaa, juu hakuna mama hata mumoja aliyekubali kukaa meza moja na mukwe. Padri aliona hiyo pia, akafikiri ni haya ya mashine.

Nikavaa koti la mulevi na kofia ya majani. Furushi lilikuwa limejaa majani ya ndizi. Kichwa, jirani, akaja kunifunga kifungo.

"Usiogope," akasema. "Wa kwanza ni kazi nyepesi, hufanyi kitu."

"Mwalimu," nikamuuliza, "weye mama mukwe wako alikuona mu filme?"

"Miye?" akasema. "Miye siangalii mashine kamwe. Hukuona? Naangalia kuku, naangalia jembe. Muke wangu alinikataza tangu ya kwanza." Akanipigapiga koti. "Nilifikiri unajua."

Miaka yote ile!

Padri akaita. "Tayari! Unaona kichuguu kile kikubwa? Unaenda mpaka pale, pole, na huzuni. Pale unageuka. Filme ni kidogo, haitoshi kurudilia. Unasikia? Unageuka kwenye kichuguu!"

"Ninasikia, padri."

Mashine ikaanza kulia, trrrr. Nikageuza mugongo na nikaenda.

Ile filme ilionyeshwa Lusangi baadaye, wanasema, imekatwa pale pale ilipoishia, na mama mukwe aliiangalia mbele kabisa juu ya kiti cha sultani, kitambaa mabegani, uso wazi. Miye sikuiona. Nilikuwa ndani ya nyumba ya shemeji, mulango umefungwa, mutoto juu ya magoti yangu na muke wangu anacheka ameegemea ukuta, juu mama mukwe alikuwa inje na singeweza kutoka.

Lakini hiyo ni ya mbele. Siku ile ilikuwa barabara tu, na vumbi, na jua mu kisogo. Nilifika kwenye kichuguu. Nilisikia padri, "Geuka!" Nikaendelea, pole, na huzuni, kama alivyonifundisha. "Geuka! Sasa! Geuka, we mutu!" Nikasikia seremala anacheka. Mashine ilikuwa inalia bado, inakula filme yake. Mbele yangu kulikuwa kona, na nyuma ya kona, saa chache za muguu, Lusangi. Koti lao lilikuwa kubwa mabegani, na sikulirudisha. Nikatupa majani ya ndizi, furushi likawa jepesi, nikapinda kona.